Ufito Uliopima Nyumba

Ukuta wa chumba kidogo ulipungua shubiri moja kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na aliyeligundua hilo hakuwa mlevi wala mtoto. Alikuwa seremala mwenye miaka ishirini na moja kazini, mtu ambaye mafundi wenzake walimwita aje kuwaamulia wakibishana juu ya unene wa ubao.

Asubuhi aliulaza ufito wake sakafuni, akauanzia kona ya mlango, akamalizia kwa kiganja. Ufito mmoja na shubiri mbili. Kitanda cha binti yake kingeingia, na nafasi ya viatu ingebaki. Akarudi karakana kumaliza kazi ya watu, na mchana akaja na binti mwenyewe aone chumba chake. Akaulaza tena ufito, basi tu kumfurahisha mtoto. Ufito mmoja na shubiri moja. Kitanda hakiingii.

Dalali alikuwa amesimama mlangoni, mtu mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni na maneno mengi kuzidi funguo.

"Fundi wangu, huu ukuta ni wa tofali, si wa mpira," alisema. "Labda asubuhi kiganja chako kilikuwa hakijaamka."

"Kiganja changu kinaamka kabla yangu."

"Basi toa hiyo tepu mfukoni upime kistaarabu."

Fundi akaitoa tepu. Tepu ikasema kitanda kinaingia, tena bila shida. Akaitazama tepu, akautazama ufito, akauamini ufito. Msimlaumu haraka. Aliyemfundisha useremala alimlea hivyo: kila kazi ikatiwe ufito wake, vipimo vyote vitiwe alama humo kwa kisu, kwa sababu tepu hulegea na namba husahaulika, lakini kijiti ulichokikata mwenyewe hakijui kusema uongo. Hata nyumba ya kupanga aliipima vivyo hivyo, huku madalali wakimcheka pembeni.

Na hii ilikuwa nyumba ya tisa. Nane alizikataa. Moja haikuwa na ukuta wa kuegemeza kabati, nyingine ngazi zake zilikuwa nyembamba, nyingine iliingiza kila kitu isipokuwa meza ya kioo. Vitu hivyo vyote alivitengeneza yeye, na vyote alimtengenezea mtu mmoja. Kitanda kikubwa alikiunda mwezi mmoja kabla ya kumuoa mkewe. Kabati la nguo la milango mitatu alilimaliza mtoto alipozaliwa. Meza ya kioo ilimchukua mwaka mzima, kwa sababu mkewe alikuwa akibadilisha mawazo kuhusu droo. Sasa mkewe alikuwa kaburini mwezi wa tano, mwenye nyumba ya zamani alikuwa anaitaka nyumba yake, na fundi alikuwa ameapa hatamwacha nyuma, hata droo moja.

Dada yake alijaribu. "Kaka yangu, kabati si mtu. Uza. Njooni kwangu wewe na mtoto, chumba kipo."

"Na vitu vyake?"

"Vitu vyake havili wala havilali."

"Dada, tuyaache."

Wakayaacha. Asiyejua maana haambiwi maana, dada akajisemea, ila moyoni alijua kaka mtu anaijua maana vizuri sana, na ndiyo inayomuua.

Sasa nyumba hii ya ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule, ilikuwa ya ajabu. Kwa kipimo cha ufito, kitanda kikubwa kiliingia ukuta hadi ukuta. Kabati liliingia kwenye pengo la chumba kikubwa hata kidole kisipite. Meza ya kioo ilikaa chini ya dirisha kama iliyopimiwa hapo. Kila kitu cha marehemu kilipata mahali pake. Kilichokosa nafasi ni kile kitanda kidogo tu.

"Nyumba ni choo, Fundi, na choo umekiona," dalali alisema. "Mtoto mdogo huyu atalala popote."

Mtoto mwenyewe walimwita Kasuku, kwa sababu tangu aanze kusema hajawahi kupumzika. Ana miaka saba. Kwenye ngazi alikuwa amemuuliza dalali kwa nini ana funguo nyingi, kama ana mke, na kama mke wake ana funguo pia. Lakini ndani ya chumba kikubwa alikuwa kimya. Alikuwa ameshika suruali ya baba yake, anatazama kona lilipo lile pengo.

"Utalala na mimi kwenye kitanda cha mama," baba alimwambia. "Si utapenda?"

Kasuku alizidi kuitazama ile kona. Fundi akasema anaichukua nyumba.

Siku ya kuhama, wabebaji waliona mambo ambayo baadaye waliyasimulia huku wakicheka kicheko cha kujitia moyo. Kabati la milango mitatu lilipanda ngazi zenye kona sita bila kugusa ukuta. Kitanda kikubwa kilipita mlangoni kwa mkupuo mmoja. Kisha kikaja kitanda kidogo, ambacho dada wa fundi, Shangazi yake Kasuku, alikuwa amekibeba peke yake kutoka kwenye gari akisema kitakaa hata sebuleni, kikanasa mlangoni. Wakakigeuza ubavu, wakakisimamisha, wakakifungua miguu yote minne. Kikanasa.

Mkubwa wa wabebaji akajifuta jasho. "Mlango umekataa, Fundi. Mimi kazi hii naijua. Huu haujabana, umekataa."

Kikarudishwa karakana.

Kwa wiki ya kwanza hakukuwa na kitu isipokuwa harufu. Fundi alikuwa na desturi ya kuacha kazi saa saba na nusu, anampokea Kasuku kutoka shule, wanakula, kisha mtoto analala kwa muda wa saa moja kabla ya kufanya kazi za shule. Basi kila ikikaribia saa nane, nyumba ilinukia maranda mabichi, ile harufu tamu ya ubao uliotoka kuparuzwa, ndani ya nyumba ambayo hakuna aliyepiga randa. Fundi alijinusa nguo, akadhani ni yeye. Lakini chini ya maranda palikuwa na harufu nyingine, ya baridi, iliyomkaa puani hadi jioni. Alipoikumbuka akaacha kula. Ilikuwa kafuri, ile wanayopakwa maiti.

Wiki ya pili ikaja sauti. Ko. Kimya kidogo. Ko. Kimya kidogo. Ko. Ilitoka chumba kikubwa, ikitembea kando ya ukuta, ncha ya mti ikigusa sakafu, ikiinuliwa, ikigusa mbele. Jirani angeweza kusema ni panya, au ni bomba. Fundi hakuweza kujidanganya. Alikuwa ameisikia sauti hiyo maisha yake yote ikitoka mkononi mwake mwenyewe. Kuna mtu alikuwa anapima.

Aliingia. Hakukuwa na mtu. Ufito ulikuwa umesimama palepale alipouweka, kati ya kabati na ukuta. Jua la mchana lilikuwa limejaa chumbani, taulo limeanikwa dirishani, chini barabarani muuza mkaa anaita wateja. Akageuka atoke, na ndani ya kabati mtu akasema kwa upole:

"Bwana Randa."

Duniani mtu mmoja tu alimwita hivyo. Alianza siku za uchumba, alipomkuta ana maranda hadi kwenye nyusi, na hakuacha mpaka siku ya mwisho hospitali, sauti ilipokuwa imebaki uzi. Hata dada hakulijua jina hilo. Fundi alikaa kitako kitandani, akalia kama hakuwahi kulia msibani, maana msibani kulikuwa na watu wa kuwahudumia.

Tusidanganyane. Mwenye akili timamu angemkamata mtoto mkono na kushuka ngazi mbili mbili. Lakini niambie, wewe uliyezika, ungefanya nini ukiitwa kwa jina lako na sauti ile? Yeye alijisogeza karibu na mlango wa kabati, akaweka sikio.

"Umekonda," sauti ilisema.

"Nimekonda."

"Usiufungue mlango. Kaa tu hapo tuzungumze."

Wakazungumza. Kesho yake wakazungumza tena, na keshokutwa. Akaanza kutoka karakana saa sita, kisha saa tano. Wateja walikuta milango imefungwa. Alinyoa ndevu. Dada yake alipompigia simu alimsikia akicheka, akashukuru, akadhani kidonda kinaanza kufunga. Maskini, hakujua.

Aliyekuwa anakwisha ni Kasuku. Maswali yalipungua, yakawa matatu kwa siku, moja, halafu hakuna. Shuleni mwalimu aliandika kwenye daftari kwamba mtoto hasemi. Na kila mchana alipolala kwenye kile kitanda kikubwa alikuwa anaanguka. Mara ya kwanza baba alimkuta chini ya kitanda amelala bado. Mara ya pili alimkuta sebuleni. Mara ya tatu alimkuta nje kabisa, kwenye ngazi, mlango wa nyumba umefungwa nyuma yake, na viatu vyake vimepangwa pembeni.

"Nani amekutoa nje, mama?" alimuuliza akimwinua.

Kasuku alimtazama tu, midomo imebanwa.

Fundi alisema moyoni kwamba mtoto anatembea usingizini. Mtu akitaka kuamini jambo huwa hakosi sababu. Alimrudisha kitandani, na sauti ikamwambia kutoka kabatini, polepole, "Mlaze katikati, Bwana Randa. Asiwe pembeni, ataanguka. Mlaze katikati, nimpime vizuri, asije akakosa nafasi."

Akamlaza katikati.

Siku iliyofuata aliuchukua ufito atoe utando wa buibui nyuma ya kabati, na kidole gumba chake kikapita juu ya mkato. Mkato mpya, mweupe, wa kisu kikali, na chini yake mstari wa kuvuka, alama ambayo kwa maseremala wote ina maana moja: kata hapa. Yeye hakuitia. Aliukagua ufito mzima kwa kidole, na kadiri alivyoukagua ndivyo kidole kilivyozidi kwenda polepole, kwa sababu alikuwa ameshaanza kujua, kama mtu anayesikia hatua za mleta habari mbaya kabla hajabisha hodi, na alipomwita Kasuku aje, na Kasuku akaja akiwa na sare ya shule, na akamsimamisha wima akauweka ufito nyuma ya mgongo wake, ule mkato ulikaa juu ya utosi wa mtoto sawasawa, hata unywele haukuzidi.

"Nani amekupima?" aliuliza kwa mnong'ono.

"Anapima kila siku," Kasuku alinong'ona. "Nikifumba macho."

"Nani?"

Mtoto akamziba baba yake mdomo kwa kiganja. "Anasikia."

Na nyuma yao, ndani ya kabati, mtu akavuta pumzi kama anayetaka kusema jambo kisha akaghairi. Fundi alimnyanyua mtoto na ufito ukiwa bado mkononi, akatoka hakufunga mlango, akashuka kona zote sita akisikia juu yake, ghorofa baada ya ghorofa, ko, ko, ko, ingawa ufito wenyewe alikuwa ameushika yeye, na hakusimama mpaka akafika kwa dada yake.

Dada hakuuliza maswali mengi. Alimtazama mtoto, akamtazama kaka mtu, akachukua mtandio. "Twende kwa Kinyozi."

Huyo Kinyozi alikuwa kinyozi kweli, mwenye viti viwili na kioo chenye ufa. Mama yake alikuwa mganga wa kuheshimika, na alipokufa kazi ikamwangukia mwanawe apende asipende. Alitibu nyuma ya pazia, kati ya kichwa na kichwa, na wateja wakingoja. Alimsikiliza fundi hadi mwisho akiwa ameshika kitana.

"Nyumba uliipima kwa nini?" aliuliza.

"Kwa ufito."

"Huu?"

"Huu."

"Uliukatia kazi gani?"

Fundi akazitazama nywele zilizotapakaa sakafuni. Dada yake akamgusa bega.

"Mficha maradhi kilio humfichua," Kinyozi alisema bila ukali. "Sema, Fundi. Nina watu watatu nje."

Basi akasema. Jeneza la mkewe alilitengeneza mwenyewe, usiku ule ule, hakutaka mtu mwingine aguse. Alimpima kwa ufito huu, kichwa hadi kisigino. Na mafundi wana sheria yao, haikuandikwa popote lakini hakuna asiyeijua: ufito uliompima maiti huvunjwa papo hapo, ukazikwa naye. Haupimi tena kitu cha walio hai. Yeye aliuinua auvunje, akashindwa. Aliusimamisha kwenye kona ya karakana akasimama karibu nao. Ulimfika sikioni, kama mkewe alivyomfika. "Picha ninazo," alisema. "Nguo ninazo. Lakini urefu wake, nikisimama nao hivi... hakuna kitu kingine duniani chenye urefu wake. Ningevunja vipi?"

Dada yake alianza kulia kimya kimya, akiukunja mtandio.

"Pole sana," Kinyozi alisema, na alimaanisha. "Lakini umekosea vibaya. Kipimo cha maiti ni cha kaburi. Ulipoulaza kwenye kuta za nyumba ile, uliipimia nyumba kaburi, na kuna majini kazi yao ni kungoja makaburi yaliyopimwa hayajajazwa. Ndiyo maana kila cha marehemu kiliingia. Huyo wa kabatini sauti ya mkeo anayo, jina lako analo. Mwenyewe siye."

"Analijua jina ambalo—"

"Siye, Fundi. Na mtoto ameshampima."

Kisha akaeleza la kufanya. Warudi kesho saa nane, saa yake ile. Baba ashike ufito juu, mtoto ashike chini. Baba auvunje kwa mkono wake, sehemu iliyo juu ya ule mkato, ili kipimo cha mtoto kibaki kizima. Vipande vizikwe kaburini kwa marehemu kabla ya jua kuzama.

"Ukivunja, kila kilichoingia kwa ufito huo kitatoka," alisema, akaguna. "Ila kuna jambo moja silielewi. Anamtaka mtoto. Mbona tena anamtupa nje ya nyumba? Na kitanda chake, kilizuiwa na nani mlangoni?"

Mteja mmoja akakohoa nje ya pazia, akauliza kama leo watanyolewa au wakaote mvi. Kinyozi akasimama. "Labda ni ujeuri wao tu. Nendeni. Kesho msichelewe."

Kesho yake nyumba ilikuwa kama walivyoiacha, mlango wazi, na hakuna hata mwizi aliyethubutu. Shangazi alibaki sebuleni akisoma dua zake. Baba na binti waliingia chumba kikubwa. Harufu ya maranda ilikuwa nzito, kafuri ikachoma macho. Fundi akausimamisha ufito, Kasuku akashika chini kwa mikono miwili.

"Bwana Randa," sauti ikasema kabatini. "Unafanya nini?"

Akaukaza mkono kwenye ufito.

"Nimetoka mbali kuja. Umenipangia kitanda changu, kabati langu, halafu unanifukuza? Nimekukosea nini?" Sauti ilikuwa ile ile, na ule mkwaruzo mdogo wa mwisho wa maneno uliokuja na ugonjwa. "Ukivunja hutanisikia tena. Sio kesho, sio mwakani. Utaweza?"

Fundi alisema, na machozi yalikuwa yanamtiririka hadi shingoni, "Mke wangu hangemtia mwanawe alama ya kukata."

Kabati likatikisika. Kisha milango yote mitatu ikaanza kusukumwa kutoka ndani, kwanza polepole, mbao alizozichagua yeye zikalia, bawaba alizozipiga yeye zikang'oka skrubu moja baada ya nyingine, na kuta zikasogea, safari hii aliziona kwa macho yake, ukuta wa dirisha ukauelekea ukuta wa mlango, kitanda kikasukumwa kikawabana magoti, meza ya kioo ikapasuka katikati, na sauti ikawa si ya mkewe tena wala si ya mtu yeyote, ikihesabu shubiri kwa shubiri kuelekea kwa mtoto, na fundi akauinamisha ufito juu ya goti lake, akafumba macho, akasema "Nisamehe," akauvunja.

Ulikatika kwa mshazari, juu kidogo ya mkato.

Kuta zilikuwa mahali pake. Kabati lilikuwa limefunguka milango yote, ndani mna magauni tu, yamening'inia. Kafuri ikaisha, maranda yakaisha, ikabaki harufu ya vumbi na jua. Shangazi aliingia akakuta kaka yake ameketi sakafuni na vipande viwili mapajani. Akawabusu wote utosini, akaenda jikoni kutafuta maji, maana mtu hajui kingine cha kufanya saa kama ile.

Kasuku alikuwa bado amesimama. Akaanza kusema, kwanza taratibu kisha kwa kasi yake ya zamani, kama mtu aliyefunguliwa mdomo.

"Baba, sasa ninaweza kusema? Mama aliniambia nisiseme, yule wa kabatini akisikia atajua kwamba mama naye yupo. Walikuwa wawili, Baba. Yule wa kabatini ndiye alikuwa ananipima. Mama alikuwa hakai kabatini, mama alikuwa anakaa huku, upande wangu, kwenye ukingo wa kitanda. Yule akija kupima, mama ananisukuma. Ananiambia kimbia, Kasuku, toka nje. Siku nyingine alinibeba mpaka kwenye ngazi akanivalisha, lakini viatu hakuweza, mikono yake ilikuwa haishiki vizuri. Na kitanda changu alikizuia yeye. Alisimama mlangoni akashika hivi, na hivi, akasema mwanangu halali humu."

Fundi hakuinua kichwa. "Ulimwona?"

"Kila siku. Alikuwa anakutazama ukizungumza na kabati. Alikuwa anakuita, Baba. Anakuita sana, lakini wewe ulikuwa umeweka sikio kule." Akafikiri kidogo. "Sauti yake ilikuwa ndogo. Yule mwingine ndiye alikuwa na sauti nzuri."

Wiki tano. Wiki tano mkewe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, umbali wa mkono, na yeye amempa mgongo, anacheka na mlango wa kabati. Moyo wa fundi ulivunjika mara ya pili, na hii ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hii aliifanya mwenyewe.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza.

Kasuku akatazama kwenye ukingo wa kitanda. Akatazama mlangoni. Akainama chini ya kitanda, akaenda dirishani, akarudi. Uso wake ukaanza kujikunja.

"Hayupo. Ulipovunja, hayupo." Akavichukua vile vipande viwili mapajani mwa baba, akavikutanisha, akavishikilia hivyo kwa nguvu zake zote. "Baba, wewe si fundi? Unga."

Maji yalikuwa yanamwagika jikoni. Chini barabarani mtu alikuwa anapiga honi. Fundi aliwaza juu ya yule mmoja na yule mwingine, na kwamba hakuna njia ya kumrudisha huyu bila kumrudisha yule, na mkato ulikuwa bado palepale, mweupe, kwenye kipimo cha utosi wa mtoto.

"Huu hauungiki, mwanangu."

"Hata kwa gundi?"

"Hata kwa gundi."

Kasuku alimwamini, maana kwenye mambo ya mbao baba yake hakuwahi kumdanganya. Lakini kuunga mti uliokatika kwa mshazari vile, nyuzi zake zote nzima, ni kazi ya robo saa, na akiuunga yeye hakuna ambaye angeona mahali ulipovunjika. Fundi akaufunga ufito kwenye gauni moja la kabatini, akamshika mtoto mkono, wakashuka ngazi kwenda kuuzika.